Je, Karama wa Kusadikika ni Shaaban Robert mwenyewe?

*"Mimi ni mwalimu mpya wa Kiswahili katika sekondari ya kata. Nilipoanza kufundisha Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, mwalimu mwenzangu aliyenizidi umri alinishauri niwaambie wanafunzi kwamba Karama, kijana anayeshitakiwa humo, ni Shaaban Robert mwenyewe, na kwamba Waingereza walimfunga kwa sababu ya maandishi yake. Likizo nilipokwenda nyumbani, mjomba alinicheka. Alisema mtu huyo alikuwa karani wa Waingereza maisha yake yote, wakamvika na nishani, na hilo jina Robert linatosha kuonyesha alikuwa mtu wao. Nimesoma tawasifu yake, Maisha Yangu, nikitafuta ukweli. Sikukuta gereza, wala siasa ya maana. Wiki iliyopita mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza: 'Mwalimu, kama yeye mwenyewe hakupambana nao, tutakiaminije kitabu chake?' Nilimwahidi jibu. Nimjibu nini?"*

Mwalimu, pole kwa kuwekwa njia panda na watu wawili unaowaheshimu, na hongera kwa kuwa na mwanafunzi anayeuliza swali kama hilo. Nimefundisha fasihi kwa miaka mingi, na maswali ya namna hiyo hayaji kila muhula.

Nikikuelewa vizuri, hofu yako ni kwamba kitabu ulichokipenda kinasimama juu ya maisha ya mwandishi wake, kwa hiyo maisha hayo yakitikisika, kitabu nacho kitaanguka. Mwenzako amejaribu kuyaimarisha kwa kumpa Shaaban Robert kifungo. Mjomba ameyabomoa kwa kumwita kibaraka, ingawa hakulitamka neno lenyewe. Wanapingana, lakini kuna jambo wamekubaliana bila kujua: kwamba thamani ya kitabu ni ushujaa wa aliyekiandika. Hapo ndipo mimi ninapoachana nao wote wawili.

Tuanze na yanayojulikana. Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, Machui, kusini kidogo ya mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, na mwaka huohuo akaajiriwa serikalini, idara ya forodha, ambako Pangani palikuwa kituo chake kikuu hadi 1944. Akahamishiwa Mpwapwa, idara ya mifugo. Mwaka 1946 akarudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya, na kuanzia 1952 katika idara ya upimaji ardhi mpaka 1960. Alifariki Juni 1962, akiwa ameuona uhuru wa Tanganyika kwa miezi sita tu. Ipange miaka hiyo kwenye ubao uone kama kuna mahali pa kuingiza kifungo. Hapapo. Hakufungwa.

Nadhani najua kifungo hicho kilikotoka. Mshairi mkubwa wa Kiswahili aliyefungwa kwa maandishi yake ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa, na waliomfunga hawakuwa Waingereza. Ilikuwa serikali ya Kenya huru, baada ya kuandika karatasi iitwayo "Kenya: Twendapi?" Alikaa gerezani kuanzia 1969 hadi 1972, akatunga mashairi yake humo kwa siri kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka kwa jina la Sauti ya Dhiki. Miaka michache baadaye, mwishoni mwa 1977, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya naye akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti. Habari za watu hawa zimesimuliwa sana, na zinaposimuliwa kwa haraka, kifungo cha mmoja humwangukia mwingine. Usimwaibishe mwenzako mbele ya watu kwa hilo. Mpe miaka, na atajirekebisha mwenyewe.

Na kwa kuwa tumemtaja Abdilatif, nakuomba uone tofauti. Ukisoma Sauti ya Dhiki bila kujua kwamba msemaji yuko ndani ya chumba cha gereza, mashairi mengi yatakuponyoka. Maisha ni ufunguo wa kitabu kile. Lakini si kila kitabu kina mlango wa aina hiyo, na kosa letu walimu ni kutumia ufunguo mmoja kila mahali.

Kuhusu jina: Shaaban Robert alikuwa Mwislamu, mtu wa pwani, na aliishi na kufa hivyo. Hilo "Robert" halikuwa ubatizo wala cheti cha utii kwa mtu yeyote. Nishani, hata hivyo, ni ya kweli. Serikali ya Uingereza ilimtunukia ile iitwayo MBE, na alipata pia tuzo ya Margaret Wrong kwa uandishi wake. Usiwafiche wanafunzi. Wakilikuta peke yao kwenye simu zao, watadhani ulikuwa unamlinda.

Sasa tuje kwenye kiini: maisha ya mtu huingiaje katika kitabu chake? Watu wengi hudhani yanaingia kwa nakala. Mwandishi alikuwa na mke, basi mke wa kwenye riwaya ni yule. Alionewa kazini, basi mhusika aliyeonewa ni yeye. Hilo hutokea, lakini ni njia nyembamba kuliko zote. Kwa kawaida maisha huingia kupitia masharti: mtu anaandika saa ngapi, akiwa na hofu gani, kwa ajili ya wasomaji gani, na nani anashika kalamu nyekundu kabla kitabu hakijafika dukani.

Mchukue karani wa Pangani. Anakula mshahara wa serikali, ana mke na watoto, na uhamisho unaweza kuja wakati wowote. Tangu 1930 kulikuwa na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa na serikali za kikoloni, ambayo ilipitia vitabu vya Kiswahili vilivyokusudiwa kwa shule na kuvipa idhini. Shule ndiyo ilikuwa soko. Wachapishaji walikuwa mbali: Kusadikika kilitoka mwaka 1951 kwa Nelson wa London, na Pambo la Lugha kilichapishwa Johannesburg na chuo kikuu cha Witwatersrand. Mswada uliomkosoa gavana waziwazi usingepita popote katika njia hiyo. Na mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilipiga marufuku watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Unakumbuka Nyerere alivyoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955? Alilazimika kuchagua kati ya darasa na TANU. Shaaban Robert alibaki ofisini. Mjomba wako ana haki ya kulisema hilo. Lakini nasi tuangalie kilichotoka katika ofisi hiyo.

Kilitoka kitabu kuhusu nchi iliyo angani. Waziri aitwaye Majivuno anamshitaki kijana Karama mbele ya mfalme. Kosa lake ni kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria. Karama hakani kwa maneno mawili akakaa. Anaanza kuwataja wajumbe, mmoja baada ya mwingine, waliotumwa pande zote, mpaka mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo mema ya kuitengeneza nchi, na kila mmoja akalipwa kifungo. Kadiri anavyojitetea ndivyo mashitaka yanavyogeuka. Mshitakiwa anageuka kuwa mshitaki, na serikali nzima ya Kusadikika inajikuta kizimbani bila yeyote kuipeleka huko kwa nguvu.

Hapo ndipo ninapoyaona maisha ya karani. Mtu aliyekaa ofisini miaka mingi kiasi kile anajua kwamba mnyonge hana bunduki wala cheo. Ana maelezo yake tu, na bahati yake ni kusikilizwa hadi mwisho. Shaaban Robert hakuhitaji kuwa Karama ili kuijua hali hiyo. Uso wa Karama hatujapewa sana, wala tabia zake ndogondogo. Tumepewa hoja zake. Ndiyo maana sikubali kumwita "Shaaban Robert mwenyewe". Ni sauti aliyoiunda ili iseme mahali ambapo karani wa forodha asingeruhusiwa kusema.

Kuna jambo jingine ambalo mwenzako amelipita. Watawala wa Kusadikika ni Wanakusadikika. Hakuna mgeni aliyekuja kwa meli. Kama kitabu hiki kingekuwa fumbo la Waingereza tu, fumbo lenyewe lingekuwa limekosewa, kwa sababu mfalme na mawaziri ni wa damu moja na wanaoonewa. Mimi naamini mwandishi alitazama mbali kuliko ukoloni. Alikuwa anauliza nchi yoyote inafanyaje na watu wake wanaorudi na habari njema zisizowapendeza wakubwa. Wasomaji wa 1951 walimwona bwana shauri, yule afisa wa kikoloni. Wasomaji waliokuja baada ya uhuru walianza kuwaona mawaziri wao wenyewe, na kitabu hakikubadilishwa hata neno. Ukiwaambia wanafunzi kwamba Kusadikika ni Tanganyika ya Waingereza na basi, umekifungia kitabu mlango ambao mwandishi aliuacha wazi kwa makusudi.

Isitoshe, vitabu vinazaliwa na vitabu pia. Adili na Nduguze, kilichotoka 1952, hakikutoka katika nyumba yake wala ofisini. Kimejengwa juu ya hekaya ya Alfu Lela Ulela, ya mtu na ndugu zake waliogeuzwa mbwa. Alichofanya ni kuichukua hekaya hiyo na kuipa majina yanayobeba tabia, kama alivyozoea. Mtu akiutafuta ugomvi wa kweli wa kifamilia nyuma ya kitabu hicho atachoka bure.

Umesema ulisoma Maisha Yangu hukukuta siasa. Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu ndipo wasomaji wengi wanapopotea. Tawasifu nayo ni kitabu kilichotungwa. Ina uchaguzi, ina mpangilio, ina wasomaji iliowalenga. Shaaban Robert hasemi mengi kuhusu utoto wake. Anachokipa nafasi ni ndoa, msiba wa Amina mkewe, malezi ya watoto aliowaacha, safari na kazi. Tenzi mbili mashuhuri, Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili, zilitungwa kwa ajili ya watoto hao: wa kwanza kwa binti yake, wa pili kwa mwanawe wa kiume. Unapozisoma unasikia mtu ambaye mama wa watoto hayupo tena, naye anajaribu kuwaachia kitu kitakachowaongoza asipokuwepo.

Lakini hapo pia usiishie kwenye machozi ya mjane. Utenzi wa mzazi kwa binti ni desturi ya kale ya pwani. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake wasia wa namna hiyo karibu na mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na kila mshairi aliyelelewa katika Kiswahili cha mwambao aliujua. Kwa hiyo huzuni ya Shaaban Robert ni yake, na umbo la huzuni hiyo ni la jamii nzima. Ukimwonyesha mwanafunzi mambo hayo mawili kwa wakati mmoja, umemfundisha fasihi. Ukimwonyesha moja tu, umemsimulia habari za mtu.

Ikiwa unataka kuona jinsi alivyofikiri kuhusu maisha ya binadamu, soma Wasifu wa Siti Binti Saad. Hapo anaandika maisha ya mtu mwingine, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya kimaskini, akapanda hadi sauti yake ikarekodiwa Bombay mwaka 1928. Alimhoji mwenyewe kabla Siti hajafariki mwaka 1950. Ona alivyochagua: kinachomvutia ni namna Siti alivyobeba dharau ya watu na kuishinda kwa kazi na heshima. Kwa Shaaban Robert, maisha yaliandikwa ili yamfae asomaye. Ndivyo alivyoyaandika ya Siti, na ndivyo alivyoyaandika yake. Basi kukosekana kwa siasa katika Maisha Yangu hakuthibitishi kwamba hakuijali. Kunathibitisha alichoona kinastahili kuingia katika kitabu cha aina ile, kilichochapishwa 1949, yeye akiwa bado na miaka zaidi ya kumi ya kuajiriwa na serikali hiyohiyo.

Nirudi kwa mjomba, maana hoja yake haistahili kupuuzwa. Ni kweli Shaaban Robert hakuwa mwanamapinduzi. Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi yenye beti karibu 3,000 kuhusu vita vya 1939 hadi 1945, unasimama upande wa Uingereza na wenzake dhidi ya Hitler. Mtu anaweza kulisoma hilo kama utii. Mimi nasoma pia neno "uhuru" katika kichwa cha utenzi huo na kujiuliza karani Mwafrika aliliandika akimfikiria nani. Zaidi ya hayo, alitaka mabadiliko yaje kwa sheria, kwa hoja na kwa wema wa mtu mmoja mmoja, na baadhi ya wahakiki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya Ujamaa walimlaumu kwa hilo. Waliona kwamba mfalme wa Kusadikika anashawishika kwa urahisi mno. Naona lawama hiyo ina uzito. Euphrase Kezilahabi, ambaye riwaya zake mwenyewe hazina faraja ya namna ile, aliandika tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 kuhusu riwaya za Shaaban Robert. Alimwona ni mtu wa kubishana naye, na huwezi kubishana na kibaraka asiye na lolote la kusema.

Basi ufanye nini darasani? Unaweza kuanza na maisha, kama tunavyofanya wengi: picha, tarehe, Machui, Pangani. Wanafunzi hupenda, na wazito wa kusoma huamka. Tatizo ni kwamba wakishapata hadithi ya mtu, hawaoni tena haja ya kusoma hadithi ya kitabu. Unaweza pia kuyaacha maisha nje kabisa. Hapo watasoma kwa makini, lakini hawatajua kwa nini mtu mzima aliamua kuiweka nchi angani. Mimi huanza na kitabu. Nawasomea mashitaka ya Majivuno kwa sauti, tunagawana sehemu, mmoja mfalme, mmoja Karama. Wakishamaliza na kuwa na maoni yao, ndipo nawapa miaka ya karani na kuwauliza: mtu huyu angeweza kuandika vingine? Hapo mjadala huwa mkali, na huwa ni mjadala wa kitabu.

Jihadhari na swali la mtihani linalotaka "msimamo na falsafa ya mwandishi". Wanafunzi wakiliona hukimbilia miongozo na kunakili kwamba mwandishi alikuwa na msimamo wa kimapinduzi, bila mstari hata mmoja wa ushahidi. Wafundishe kwamba msimamo huo wautafute katika matukio ya kitabu: nani anaadhibiwa, nani anasikilizwa, kisa kinaishaje. Maisha yaje baadaye, kuunga mkono au kupinga.

Na yule wa kidato cha tatu mjibu hivi: Shaaban Robert hakupigana kama Karama, na hakudai kwamba alipigana. Aliandika kitabu ambacho mtu aliyefungwa mdomo anapewa nafasi ya kusema mpaka mwisho, akakipitisha mbele ya macho ya watawala wake, kikaingia shuleni. Halafu mwambie akisome tena na akuletee sehemu moja anayoona haiaminiki, na aeleze kwa nini. Nina hakika ataipata, na huenda ikawa ileile waliyoilalamikia wahakiki wa miaka ya 1970.

Yapo mambo ambayo jibu langu la kuandika halitoshi. Ukitaka kusikia sauti yake nje ya vitabu alivyovitengeneza kwa wasomaji, tafuta barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, zilizochapishwa kwa jina la Barua za Shaaban Robert 1931–1958. Humo utamkuta mtu wa nyumbani, mwenye shida za familia na za vitabu vyake. Ukiamua kuandika chochote kwa ajili ya kuchapishwa kuhusu maisha yake, usitegemee mimi wala simu. Nenda Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uzungumze na wanaoshughulikia kazi zake na uone maandiko kwa macho yako. Na kabla hujaandika neno lolote kuhusu ndoa zake au watoto wake, fika Tanga, utafute wazee wa Machui na jamaa zake, uombe ruhusa ya kuuliza. Kama mkuu wa shule atakubali, omba pia kuhudhuria semina ya walimu wa Kiswahili ya wilaya yako na ulipeleke swali hili huko. Wenzako wengi wanafundisha kifungo ambacho hakikuwepo, na ni rahisi zaidi kulisahihisha mkiwa wengi mezani, kitabu kikiwa mbele yenu.